Maji ya Kupanda, Sehemu ya Kumi na Nne: Viatu Chini ya Swichi

Haya, wapenzi wangu, najua mmenikasirikia. Juma zima nasutwa sokoni, njiani, hata kwa kinyozi wembe ukiwa shingoni kwangu. "Wewe mwandishi, ndiyo nini kutuacha mlangoni na roho mkononi?" Poleni. Turudi pale pale mlangoni, maana muda hatuna, na mzee wa watu ndiye hana kabisa.

Meneja alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha banda la pampu ya zamani, anatazama viatu.

Jozi moja. Vya ngozi, visigino vimelika upande, kamba ya mguu wa kushoto ni kipande cha waya wa umeme. Vilikuwa vimepangwa vizuri chini ya swichi kubwa ya chuma. Asingeweza kuvikosea. Vilikuwa vya baba yake.

Na nje ya ukuta, ndani ya bomba jipya lililopanda kilimani hadi kwenye tenki, maji yalikuwa yanapita. Alilibandika kiganja. Lilikuwa baridi na linatetemeka.

"Mungu wangu," akasema. "Baba yumo ndani ya tenki."

Wewe unayejiunga nasi leo, sogea karibu nikupe ya nyuma kwa pumzi moja. Miaka ishirini na sita iliyopita, kaya kumi na moja zilichoka kugombania chemchemi na ng'ombe. Fundi bomba mmoja aliyeachishwa kazi mjini akarudi nyumbani na sanduku la spana, akawaambia chimbeni. Wakachimba mtaro kwa majembe yao, kila kaya hatua mia, kilema na mjamzito wakipewa pa udongo laini. Bomba moja likatoa maji, na majirani wakaja kulitazama, wakarudi kwao na wivu. Mwaka uliofuata kijiji cha pili kikaomba kuungwa. Halafu cha tatu. Tenki likaongezwa chumba cha pili, zikaja mita, ikaja ofisi yenye milango miwili na karani mwenye miwani. Leo vijiji tisa vinakunywa, na hiyo siku ninayowasimulia vilikuwa vinaongezwa vitatu vya juu kabisa mlimani.

Yule fundi ndiye Mzee Bomba. Meneja ni bintiye wa pekee. Mzee alimsomesha mambo ya maji, akarudi na cheti, akakabidhiwa mradi.

Na viatu? Mwaka wa tatu, mtu mmoja alikuwa anasugua tenki, mwenzake huku chini akawasha pampu. Yule mtu alitoka mzima kwa bahati, meno mawili pungufu. Tangu siku ile Mzee Bomba akaweka sheria: anayeingia kwenye tenki anaacha viatu chini ya swichi. Wakiwa wengi, mkubwa wa kazi anaacha vyake kwa niaba ya wote. Viatu vikiwapo, swichi haiguswi, hata aje nani. Hakuna karatasi, hakuna sahihi. Miaka ishirini na tatu hakuumia mtu.

Lakini sheria ile ilitungwa enzi za swichi moja. Sasa zilikuwa mbili.

Pampu mpya ilikuwa kilomita tatu kutoka hapo, kwenye kisima kirefu, na bomba lake lilikuwa limeunganishwa kwenye tenki la zamani wiki ile ile, mbiombio, ili vijiji vya juu vipate maji kabla ya saa sita mchana. Asubuhi Meneja alinyanyua simu, akamwambia mwendesha pampu neno moja tu. "Washa." Kule kwenye swichi mpya hakukuwa na viatu vya mtu yeyote.

"Kwani mzee hakuambiwa?" Mnauliza vizuri. Juzi waligombana ofisini, mnakumbuka. Mzee alitaka tenki lisuguliwe kwanza. "Mgeni hapewi maji kwa kikombe kichafu!" Meneja akajibu kwamba hao wageni wameahirishiwa mara tatu, safari hii haahirishi hata saa moja. Akaanza kumweleza kwamba sasa tenki litajazwa kutoka upande wa pili. Mzee hakungoja sentensi iishe. Aliubamiza mlango, miwani ya karani ikaanguka.

Kumbe akaamua kulisugua mwenyewe.

Meneja alitazama saa. Dakika kumi na moja tangu aseme "washa". Pampu mpya hujaza chumba cha kwanza kwa dakika ishirini.

Alipiga simu. Ikaita. Ikaita tena. Kule kwenye pampu mpya kelele ni za kupasua masikio, na mwendesha pampu, kijana wa watu, huvaa vizibo masikioni kama alivyoagizwa. Aliyemwagiza ni Meneja mwenyewe.

"Pokea! Pokea, jamani!"

Nje, watu watatu walikuwa wanapaka rangi uzio. Walikuwa fundi mwashi, jitu la miraba minne, msoma mita mwenye pikipiki, na Shangazi, dada yake Mzee Bomba, aliyechimba hatua zake mia zamani zile akiwa na mimba ya miezi saba na hajaacha kuwakumbusha watu mpaka leo.

"Mbona umekuwa mweupe hivyo?" Shangazi akauliza.

"Baba yumo kwenye tenki na maji yanaingia!"

Brashi ya Shangazi ikaanguka.

"Wewe," Meneja akamgeukia msoma mita, "nenda kwenye pampu mpya, mwambie azime! Dakika ngapi?"

"Kumi na tano, bosi, barabara inazunguka kilima chote, hata nikiendesha kama mwendawazimu."

"Endesha kama wendawazimu wawili!"

Pikipiki ikanguruma, ikaacha vumbi. Mwashi alikwisha kunyakua kamba ya jukwaa lake. Wakaanza kupanda kilima mbio, Meneja mbele, mwashi nyuma yake, Shangazi mwisho kabisa akihema na kumlaani kaka yake kwa majina ya utotoni.

Tenki lile nusu liko ardhini, nusu juu, paa lake la zege. Lina vyumba viwili lakini mdomo mmoja. Walipojenga chumba cha pili waliona hasara kutoboa paa jingine, kwa hiyo ukitaka kuingia chumba cha pili unapitia cha kwanza, unapanda ngazi, unavuka juu ya ukuta wa kati, unaivuta ngazi, unashuka upande wa pili. Vijana wa ofisini walikuwa wanaucheka ujenzi huo.

Mfuniko ulikuwa wazi. Meneja alilala kifudifudi, akachungulia.

"Baba!"

Maji yalikuwa yanatoka kwenye bomba jipya kwa nguvu ya ajabu, yanapiga ukuta wa mbele na kurudi yakiwa povu. Mngurumo ulijaa tenki zima. Hakusikia hata sauti yake mwenyewe. Kisha macho yakazoea giza, akamwona.

Mzee Bomba alikuwa pembeni, maji kifuani, mikono miwili imekumbatia bomba la kutokea. Ngazi ya chuma ilikuwa imelala chini ya maji. Maji yalipofyatuka yalimwangusha yeye na ngazi pamoja, na sasa mguu wake ulikuwa umebanwa kati ya ngazi na bomba. Alikuwa anavuta, anavuta, hautoki.

"Nishushe," mwashi akasema.

Walifunga kamba kwenye chuma cha mfuniko. Mwashi akashuka, akazama, akaibuka, akazama tena. Mara ya tatu aliibuka anakohoa.

"Haitoki! Maji yananisukuma, sioni kitu! Lazima yashuke kwanza!"

Maji yalikuwa yamefika kwapani kwa mzee.

Meneja alisimama. Kichwa chake, namshukuru Mungu kwa niaba yake, kilikuwa kinafanya kazi. Kwenye bomba jipya hakukuwa na valvu ya kufungia. Ilikuwa iwekwe wiki ijayo. Fundi wake alimshauri angoje, akamwambia hakuna kungoja.

"Valvu ya kutolea uchafu!" alipiga kelele. "Tulimwage lote chini!"

Akazunguka nyuma ya tenki, akasimama kama aliyegonga ukuta. Kishimo cha valvu ile hakionekani. Juu yake kulikuwa na kokoto, lori zima, zilizomwagwa jana kwa ajili ya mtaro wa vijiji vya juu. Shangazi alizifikia, akaanza kuchota kwa mikono miwili.

"Acha, Shangazi! Hata tungekuwa hamsini tusingeweza!"

"Basi nikae nimtazame kaka yangu anakufa?"

"Acha nifikiri!"

"Fikiri haraka, mwanangu! Uliposomea mambo haya, nyumba nzima tulilala njaa!"

Hapo ndipo akaikumbuka valvu ya kati.

Ipo ubavuni mwa tenki, kwenye kisanduku cha zege, na kazi yake ni kuunganisha chumba cha kwanza na cha pili. Ilikuwa imefungwa. Chumba cha pili kimechimbwa chini kuliko hiki kwa kimo cha mtu mzima, na kilikuwa kitupu, kinangoja kujazwa mwisho. Akiifungua, maji ya chumba cha kwanza yatakimbilia huko, na baba yake atapata pumzi.

"Shangazi, ita mtu yeyote aje kuvuta kamba! Mwashi peke yake hawezi kumbeba."

"Mumeo je?"

"Yuko kibandani kwake anashona. Sare za kwaya. Mpaka afike..."

Mume wa Meneja, kama mnavyojua, ni fundi cherehani, mpole mpaka watu humwonea. Shangazi alipiga ukunga, na wanawake wawili waliokuwa wanapalilia shamba la jirani wakatupa majembe wakaja mbio.

Meneja aliinua kifuniko cha kisanduku. Gurudumu la valvu lilikuwa limeshika kutu. Alilishika kwa mikono miwili, akakaza. Halikusogea. Akatafuta kitu, chochote, akaiona spana kubwa ya baba yake imeegemezwa kando ya mfuniko. Akaichomeka kwenye gurudumu, akaweka uzito wake wote.

"Zunguka! Zunguka, mshenzi wewe!"

Ikalia. Ikasogea robo. Chini ya miguu yake akasikia maji yakianza kupita, kwanza kama mtu anayefoka, kisha kwa kishindo. Akakaza tena. Nusu mzunguko. Mzima. Miwili. Ngozi ya viganja ikachubuka, damu ikateleza kwenye chuma, hakujali.

"Yanashuka!" Shangazi alipiga kelele kutoka mdomoni mwa tenki. "Yalikuwa kidevuni, yamerudi kifuani! Zungusha!"

Mzunguko wa tatu. Wa nne.

Ta!

Chuma kilikatika. Gurudumu zima lilibaki mikononi mwake pamoja na spana, na yeye akaanguka chali. Alijiinua, akachungulia kisandukuni. Kigingi cha valvu kilikuwa kimevunjika ndani kabisa, pasipofikika kwa kidole wala kwa koleo. Valvu haifunguki zaidi, wala haifungiki tena.

"Potelea mbali," akasema. "Imeshafunguka."

Alikimbia mdomoni. Huko chini maji yalikuwa kiunoni. Mwashi alikuwa amezama, mgongo wake mpana unaonekana kama jiwe, na mzee alikuwa anapiga kelele. Anapiga kelele kwa nguvu zake zote, mkono mmoja juu, anauyumbisha. Mngurumo wa maji ulimeza kila kitu.

"Vumilia, Baba!" Meneja alilia. "Karibu anautoa!"

Mzee akazidi kupiga kelele. Akamshika mwashi nywele, akamvuta. Mwashi alidhani ni uchungu wa mguu, akazama tena. Alipoibuka, ngazi iliibuka naye, imepinda katikati. Akaisukuma kando, akampitishia mzee kamba chini ya kwapa.

"Vuteni!"

Wanawake wanne waliivuta kamba ile. Shangazi alikuwa mbele, kisigino kwenye zege, anahesabu kwa sauti, moja, mbili, vuta, moja, mbili, vuta. Kichwa cheupe kikatokea mdomoni. Kisha mabega. Meneja alimkumbatia baba yake kiunoni, akamtoa juu kama gunia, wakaanguka wote wawili juani.

Basi ikawa furaha, jamani. Wale wapaliliaji wawili walipiga vigelegele. Shangazi alikuwa analia na kutukana kwa wakati mmoja. "Mzee mzima! Huna akili! Ungekufa ukiwa pekupeku, tungekuzika hivyo hivyo!" Mwashi alitoka nyuma kwa kamba, akajilaza juu ya paa, anacheka peke yake.

Meneja alimshika baba yake uso. "Nisamehe, Baba. Ni mimi niliyewasha. Nisamehe. Ulikuwa na haki kuhusu tenki, ulikuwa na haki kuhusu kila kitu, utalisugua wewe mwaka mzima ukitaka, nisamehe tu."

Mzee hakuwa anamtazama. Alikuwa anatapika maji, anataka kusema, pumzi haitoshi. Mkono wake ulikuwa umemkamata bintiye nguo kifuani, anaivuta mpaka kifungo kikang'oka.

"Funga," alisema.

"Nini, Baba?"

"Valvu. Ya kati. Funga."

"Tulia kwanza. Umeshatoka, ndiyo imekuokoa hiyo."

"Funga, mtoto wewe!" Sauti ilitoka kama kukwaruza. "Mwenzangu yuko chumba cha pili!"

Vigelegele vikakatika.

"Mwenzako nani?" Shangazi akauliza. "Uliingia na nani?"

"Ngazi ni moja. Nilimshusha huko kwanza, na ndoo na brashi, nikaivuta ngazi nije nisugue huku. Hapana hata pa kukanyaga huko. Kuta nimezipiga lipu mwenyewe, laini kama sahani." Akakohoa, akashika ubavu. "Muda wote nilikuwa nafurahi kwamba yeye yuko pakavu. Nilikuwa nasema, mimi nikifa, yeye atapona. Halafu nikaona maji yanapungua."

Meneja aliinama karibu na uso wake. Hakutaka kuuliza. Aliuliza.

"Baba. Ni nani?"

Mzee Bomba alifumba macho.

"Alinikuta alfajiri natoka na ndoo. Akasema, Baba mkwe, uzee huu huendi peke yako. Akasema tukimaliza wawili kabla ya saa nne, wewe binti yangu utatukuta tumekaa kivulini, na hutakuwa na la kugomba na yeyote kati yetu." Machozi yakachanganyika na maji usoni mwake. "Nilimwambia, mwanangu, wewe si mtu wa maji. Akacheka. Akasema maji yenyewe si hayapo?"

Shangazi alijishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuna kati yao asiyejua kwamba mume wa Meneja hakuwahi kuogelea hata mtoni enzi za utoto. Mbele ya bwawa alikuwa akishika mkono wa mkewe, na vijiji tisa vilikuwa vimekwisha kumtania kwa hilo.

Meneja aliruka kama aliyechomwa. Mwashi aliinuka kumfuata, akaanguka, miguu imemwishia. Pale mdomoni aliangalia chini. Ngazi, imepinda, imezama tena, na bila ngazi ukuta wa kati haupandiki. Bomba jipya linaendelea kumwaga kwa nguvu ile ile. Alitazama barabara. Vumbi la pikipiki halikuonekana tena, na msoma mita alikuwa bado hajafika kwenye pampu. Alitazama kisanduku cha valvu, na gurudumu lililovunjika, na damu yake mwenyewe juu yake.

Alikimbia mpaka upande wa pili wa paa, juu ya chumba kisicho na mdomo. Akapiga magoti. Akaweka sikio kwenye zege lenye joto la jua. Aliita jina lile ambalo humwita wakiwa wawili tu, mbele ya watu wote, bila haya.

Akasikia maji.

Kisha, chini kabisa ya maji, akasikia brashi ya chuma inagonga ukuta. Ikagonga. Ikagonga tena, juu kidogo kuliko mwanzo.

"Nileteeni nyundo!" alipiga kelele. "Mwashi! Nyundo kubwa! Tunalivunja!"

"Paa hilo lina nondo za vidole viwili," Mzee Bomba alisema kwa sauti ya mtu anayejihukumu. "Nilizipanga mimi. Nilitaka lidumu miaka mia."